Zabibu za Dodoma na maneno ya wasiozilima

"Mgogo na divai, wapi na wapi?" Swali hili nimelisikia harusini, nimelisikia kwenye basi la Dar es Salaam, na siku moja nililisikia kwa mtu aliyeshika glasi ya divai hiyo hiyo mkononi. Huulizwa kwa kicheko, lakini ndani yake kuna madai mengi yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni: kwamba zabibu ni mgeni Dodoma, kwamba ardhi ile haifai, kwamba kinywaji chenyewe ni cha kubahatisha, kwamba mkulima wake hajui kazi, na kwamba dawa ya yote hayo ni mwekezaji mwenye fedha. Siku hizi limeongezeka dai jingine, la viwanja. Naomba niufungue mzigo huo. Kuni nyingine ni nyepesi, nitazitupa pembeni haraka. Nyingine zimeshika moto tayari.

Tuanze na ugeni, maana ndilo dai linalopendwa zaidi. Ni kweli kwamba mzabibu uliletwa. Wanaotajwa zaidi ni mapadri wa Kiitaliano wa misheni ya Bihawana, barabara ya Iringa, miaka ya 1950. Walihitaji divai ya altare, na sheria ya Kanisa Katoliki haikubali divai ya misa isiyotokana na zabibu. Miaka ya 1960 gereza la Isanga nalo likapanda, na vipandikizi vikazidi kusambaa vijijini, mkono kwa mkono, kama inavyosambaa mbegu yoyote nzuri.

Hata lugha yetu inakiri ugeni huo. Kwa Kiarabu, zabibu ni tunda lililokaushwa, lile bichi lina jina lake jingine. Maana yake watu wa pwani walilijua tunda hili likiwa kavu, limetoka safari ya jahazi, kabla ya kuliona likining'inia mtini. Mvinyo tumeupata kwa Wareno. Divai inasemekana tuliitoa vinywani mwa Wafaransa. Kwa hiyo anayesema zabibu ni ya kuja hajavumbua kitu, kamusi ilishasema.

Ila mbona hatumuulizi Mpemba "wewe na karafuu, wapi na wapi?" Karafuu ilifika visiwani mwanzoni mwa karne ya 19. Kahawa ya Kilimanjaro ilianzia kwenye bustani za wamisionari, Kilema, mwishoni mwa karne hiyo hiyo. Mahindi yenyewe, yale tunayoyasonga ugali na kuapa kwamba ndicho chakula cha babu zetu, yalitoka ng'ambo ya Atlantiki. Zao huwa la mahali pale linapoanza kurithiwa. Na mzabibu hurithiwa, maana ukitunzwa vizuri unakaa ardhini miaka 20, 30, na zaidi. Yuko bibi mmoja kijijini Mpunguzi ambaye mistari ya kwanza ya shamba lake ilipandwa na mumewe aliyekwishafariki, na mistari ya mwisho na mjukuu wake. Ukimuuliza zao lake lina asili gani atakuonyesha kaburi, kisha atakuonyesha mkasi.

Kuna jambo jingine ambalo wanaocheka hawalitaji. Kwa vizazi kadhaa jina la Ugogo, nchi ya Wagogo wa Dodoma, lilipotajwa mjini lilikuja na njaa. Wazee walisimuliwa na wazazi wao habari za Mtunya, njaa kuu ya miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipokwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Baadaye likaja tusi la ombaomba, lile la barabarani Dar es Salaam, ambalo mtoto wa Dodoma alitaniwa nalo shuleni hata kama baba yake alikuwa na ng'ombe mia. Chupa ya divai yenye neno Dodoma ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza vilivyobeba jina hilo nje ya mkoa bila huruma wala dhihaka ndani yake. Kijana aliyeko Mwanza au Arusha anaiona rafuni na kusema "hii ya kwetu". Hilo mimi naliita mali. Mchumi hawezi kulipima kwa kilo, ila mwenye kiwanda ameshalipima, ndiyo maana analiandika kwa herufi kubwa.

Dai la pili: Dodoma ni jangwa, hakuna kinachomea. Hili ni jepesi. Dodoma ni nusukame, inapata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Juni hadi Oktoba mbingu imefunga. Mahindi hayapendi hali hiyo, lakini mzabibu unaipenda. Adui mkubwa wa zabibu ni unyevu kwenye majani na vichala. Hapo ndipo unapozaliwa ubwiri unga na ubwiri vinyoya, magonjwa yanayomfanya mkulima amalize mshahara wa mwalimu kwa kununua dawa. Kiangazi cha Dodoma, chenye jua la mchana na usiku wa Julai unaoshuka hadi nyuzi 13 au 14, ni kama kimeagizwa kwa ajili yake.

Tena kuna ufundi hapa ambao haupo Ulaya. Kule baridi ndiyo inayoulaza mzabibu na joto ndilo linalouamsha, mara moja kwa mwaka. Dodoma iko nyuzi sita kusini mwa ikweta na hakuna baridi ya kulaza kitu. Mkulima wa kijiji cha Hombolo anaulaza mwenyewe kwa mkasi. Anapogoa, anaukata mti mpaka unabaki mkono mkavu wenye vifundo viwili vitatu kila tawi, na kwa muda mgeni akipita anaweza kudhani shamba limeungua. Kisha macho yanachipua, na baada ya miezi minne hivi vichala vimeiva. Ukipogoa Aprili au Mei unavuna Agosti na Septemba, ukipogoa Novemba unavuna Machi. Mavuno mawili kwa mwaka mmoja, na tarehe anaipanga mkulima. Watu wa jangwani hawafanyi hivyo.

Nikiri la kukiri: bila maji ya kumwagilia kiangazi, kazi ni ngumu, na kisima si cha kila mtu. Mchwa nao hawana dini, wanakula nguzo, wanakula shina. Lakini Makutupora, kaskazini mwa mji, ambako visima vyake ndivyo vimekuwa vikinywesha Dodoma yote kwa miongo mingi, ndiko pia kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, na mbegu nyekundu inayolimwa zaidi imechukua jina la mahali hapo. Mbegu kuitwa Makutupora na ardhi ile ile kuitwa jangwa ni mambo mawili yasiyokaa nyumba moja.

"Divai yenyewe ni sharubati yenye kilevi." Hapa sitabisha sana. Zipo chupa za Dodoma ambazo utamu wake unakufunga meno. Ila utamu huo huamuliwa kiwandani, baada ya kuwasikiliza wanywaji, na wanywaji wetu wengi ndivyo wanavyotaka. Zabibu nyekundu ile ile inatoa divai kavu ukiitaka kavu. Mbegu nyeupe ya Chenin blanc inalimwa pale, na wapo waliopanda Syrah na mbegu za kaskazini mwa Italia. Tatizo la ubora lipo kwingine. Mnunuzi anapolipa kwa kilo tu, bila kupima sukari, mkulima anamwagilia maji mengi wiki ya mwisho ili punje zijae, au anavuna mapema kabla ndege na wezi hawajafika. Kiwanda kinacholipa kwa kilo kinapata kilo. Kile kifaa kidogo cha kupimia sukari, unachodondoshea tone la maji ya zabibu na kukitazama kwa kukielekeza kwenye mwanga, kingefika shambani siku ya kununua na bei ikapanda na kushuka kwa kipimo hicho, msimu unaofuata tungekuwa na zabibu nyingine kabisa kutoka kwenye miti ile ile.

Na wanaosema pombe ni haramu, hivyo zao hili lisisaidiwe? Sina ubishi na imani ya mtu. Asiyekunywa asinywe. Lakini zabibu zinazouzwa kwenye ndoo ndogo za plastiki kando ya barabara na stendi huliwa na Waislamu na Walokole pamoja, watoto wakishindana kutema mbegu, na wapo wanaozikamua juisi na kuzianika. Hilo tuliache hapo.

Sasa dai linaloniuma: mkulima wa zabibu hajui biashara, analia kila msimu kwamba hana soko, zabibu zinamwozea, serikali imbebe. Wanaosema hivi ni watu ambao hawajawahi kukaa shambani siku ya tatu.

Siku ya kwanza ni nzuri. Nilikuwa kwa jamaa yangu mmoja msimu wa Septemba. Vibarua walianza kabla jua halijachoma, mkono mmoja umeshika kichala kutoka chini, mwingine umeshika mkasi, kichala kinawekwa kwenye kreti polepole ili punje zisipasuke. Saa nne asubuhi kreti zilikuwa zimepangwa chini ya mwembe, zimefunikwa kwa majani. Mnunuzi alikuwa amesema kirikuu kitafika saa sita. Saa sita ikapita. Saa tisa simu yake ikawa inaita bila kupokelewa. Usiku nyuki wakaondoka, asubuhi wakarudi na ndugu zao. Siku ya pili maji ya zabibu yalianza kuchuruzika kutoka kreti za chini, na harufu ikaanza kugeuka, ile harufu tamu yenye ukali kwa mbali. Siku ya tatu kirikuu kilikuja, si cha yule wa kwanza, na dereva hakushuka hata kuangalia. Alitaja bei akiwa ameegemea usukani. Ilikuwa chini ya nusu ya tuliyokubaliana. Jamaa yangu aliangalia kreti, akaangalia vibarua waliokuwa wanasubiri malipo yao, akasema "pakia".

Niambie hapo elimu ya biashara ingemsaidia nini. Mahindi yanasubiri ghalani, ng'ombe anasubiri zizini. Zabibu haisubiri, na mnunuzi anajua kwamba haisubiri. Katika mazungumzo ya bei, mwenye muda ndiye mwenye nguvu, na mkulima wa zabibu ana siku mbili.

Ndiyo maana jambo ambalo mimi ningelipigia kelele kuliko yote ni lile wenyewe wanaloliita mchuzi. Mchuzi wa zabibu ni zabibu zilizopondwa na kukamuliwa, zikawekwa kwenye tangi safi na kuchachushwa, zikasubiri kiwanda kikubwa kije kununua kwa lita. Mwenye tangi ana miezi, hana siku mbili tena. Wasindikaji wadogo wa Dodoma wameligundua hili wenyewe, na vyama vya ushirika vya msingi vikipewa matangi, mashine ya kukamulia na mtu mmoja aliyesomea, vinaweza kulifanya kijijini. Mkulima mwenye mchuzi kwenye tangi hapokei bei ya mtu aliyeegemea usukani.

Kuna upande wa sheria pia, na hapa nataka nitoe haki. Kwa miaka kadhaa ushuru wa bidhaa umekuwa ukiipendelea divai yenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini: kama shilingi 200 kwa lita, wakati ile iliyochanganywa zabibu za nje kupita asilimia 25 imekuwa ikitozwa zaidi ya shilingi 2,000. Hiyo ni sera nzuri, na bila hiyo divai ya Afrika Kusini ingekuwa imetufunika zamani. Lakini tazama inachouliza na isichouliza. Inauliza kama zabibu ni za nchini. Haiulizi zimetoka kijiji gani, zimenunuliwa kwa nani, wala kama neno Dodoma kwenye lebo linalingana na kilichomo ndani ya chupa. Jina linatembea peke yake, mkulima anabaki nyuma akilitazama.

Wenzetu walishapigania jambo hili hili. Mwaka 1911, kule Champagne nchini Ufaransa, wakulima walivunja maghala ya wafanyabiashara waliokuwa wakinunua zabibu na divai rahisi kutoka mikoa mingine na kuiuza kwa jina la Champagne. Mapipa yalipasuliwa, divai ikatiririka barabarani, na serikali ikapeleka askari. Hawakuwa wanapigania ladha. Walikuwa wanapigania jina, kwa sababu walijua bei ya zabibu zao imo ndani ya jina hilo. Mfumo wa Ufaransa wa kulinda majina ya divai kwa mahali ilipotoka, uliowekwa rasmi mwaka 1935, ulitokana na ugomvi wa namna hiyo. Siwashauri watu wa Hombolo wakavunje ghala la mtu. Ninachosema ni kwamba utambulisho wa mahali si ngoma ya kuchezewa wageni siku ya uzinduzi. Ukiandikwa kisheria unakuwa uzio unaozuia bei isiporomoke, na usipoandikwa unakuwa pambo la lebo.

"Aje mwekezaji mkubwa, mambo yatanyooka." Dodoma ilishawahi kuwa na mkubwa. Kiwanda cha serikali cha DOWICO kilinunua zabibu, watu wakapanda kwa kukitegemea, na kiliposimama mnunuzi akawa hayupo. Wapo waliong'oa mizabibu na kurudi kwenye uwele na mtama. Baadaye, kuanzia miaka ya 2000, walikuja wawekezaji binafsi, wakiwamo wenye utaalamu wa Kiitaliano pale Hombolo, na kwa kweli walifundisha mengi na kuinua ubora. Sina chuki na mwekezaji. Ninachokataa ni hesabu ya kijiji kizima kuning'inia kwenye lango moja, awe mwenye lango ni serikali au tajiri. Lango moja likifungwa Septemba, hakuna pa kwenda. Malango kumi madogo, moja likifungwa unahama. Na msindikaji mdogo hakwami kwa kukosa akili. Anakwama kwenye chupa ya kioo, kizibo na lebo, vitu ambavyo kwa pamoja vinaweza kumgharimu kuliko zabibu zilizomo ndani. Kilo moja na robo hivi ya zabibu inatosha chupa ya mililita 750, nenda ukaulize bei ya chupa tupu. Badala ya kumsubiri mwekezaji wa kiwanda kizima, mtu angetuletea chupa za bei nafuu tungemshukuru zaidi.

Nimebakiza la viwanja. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini mji ulianza kukimbia baada ya 2016, serikali ilipohama kweli kweli. Mwaka 2018 ukawa jiji, na mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kufika kutoka Dar es Salaam. Mashamba yaliyokuwa mbali yamejikuta pembezoni mwa jiji, na yaliyokuwa pembezoni yamejikuta ndani. Sasa madalali wanapita na hesabu yao: ekari ya zabibu ukiikata viwanja inakulipa kwa mara moja zaidi ya mavuno ya miaka kumi.

Mimi naikubali hesabu hiyo, tena nakubali kila neno. Inalipa mara moja. Baada ya hiyo mara moja kuna pikipiki mbili za vijana, bati za nyumba, harusi ya binti, halafu kuna mzee anayeomba kibarua cha kupogoa kwenye shamba la mwingine. Sikatazi mtu kuuza chake. Lakini mpango wa jiji unaochora barabara, shule na masoko unaweza pia kuchora eneo la kilimo cha zabibu na kulilinda, kama unavyolinda hifadhi ya reli. Wageni wanaoshuka kwenye treni ile watataka kuonyeshwa kitu, na hatuwezi kuwapeleka kuangalia paa za bati na kuwaambia "hapa palikuwa na zabibu".

Mwezi Novemba nilipita shamba moja upande wa Mbabala. Wapima ardhi walikuwa wameshapita kabla yangu. Kati ya mstari wa nne na wa tano kulikuwa na bikoni mpya, saruji yake haijapoteza weupe, namba zimeandikwa kwa kukwaruzwa na msumari. Nilimuuliza mwenye shamba kama ameshaamua. Akasema watoto bado wanajadiliana, wawili wanataka, mmoja hataki. Kisha akaniomba nimshikie waya aukaze. Mistari yote ilikuwa imeshapogolewa kwa ajili ya mavuno ya Machi, ule wenye bikoni ukiwamo.